Nina saa moja tu usiku: Guild Wars 2, Final Fantasy XIV au RuneScape?

BabaPacha
Wakuu, habari za humu. Nataka kuanza gemu hizi za mtandaoni, zile unalea mhusika wako anakua taratibu na mnacheza na watu wengine. Sijawahi hata moja. Nina saa moja usiku, basi. Nimebakiza hizo tatu. Nianze na ipi? Nataka kushusha leo leo.

Kobe_Mzee
Saa moja usiku ya saa ya ukutani, au muda wa saa moja? Unachezea simu au kompyuta? Bando au intaneti ya nyumbani? Umetuletea mgonjwa hujasema anaumwa wapi.

Mwana_Mvita
Final Fantasy. Wapewa bure mpaka leveli 70, wala huhesabiwi siku. Mie huu mwaka wa pili sijatoa hata shilingi.

Kobe_Mzee
Bure yenye kamba mguuni. Hela ya mle ndani haizidi gil 300,000, soko la wachezaji huligusi, kikundi huanzishi. Na ukishanunua, akaunti hiyo hairudi tena kwenye ya bure.

Mwana_Mvita
Kwani yeye aenda kucheza ama kufungua duka?

Dada_Leveli
Guild Wars 2. Tangu itoke 2012 kikomo ni leveli 80, hakijapanda. Ukipotea miezi sita ukirudi silaha zako bado zinafaa. Ada ya mwezi hakuna, si kama World of Warcraft, dola 14.99 ucheze usicheze.

Fundi_Redio
Gemu yoyote, usimwamini mtu. Mimi (jina la gemu naliacha) nilipata rafiki siku ya pili tu. Akanipa nguo, akanipa upanga, ananiita mdogo wangu. Siku tatu ananifundisha kuvua samaki. Ya nne akasema twende kaskazini, kuna miti ya pesa, ila vaa kila cha thamani ulichonacho maana kuna wanyama wakali. Nikavaa kila kitu. Tulipovuka mpaka nikaona onyo, nikalibonyeza bila kusoma. Kumbe huko wachezaji wanaruhusiwa kuuana, na wenzake watatu walikuwa nyuma ya mwamba. Hata sekunde kumi sikufika. Vitu vya wiki mbili vikaenda, pamoja na ule upanga wake mwenyewe! Halafu akaniandikia "pole mdogo wangu". Tangu siku hiyo wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" nawaona malaika.

Dada_Leveli
Umesema siku nne au wiki mbili?

Fundi_Redio
Wiki mbili za kucheza usiku kucha, kazini nilikuwa nimechukua likizo. Tusichunguzane.

BabaPacha
Samahani, nilikuwa nabembeleza. Muda wa saa moja, wakishalala pacha, wana miezi minane. Laptopu ni ya ofisini, RAM GB 4. Bando la simu.

Kobe_Mzee
Sasa ndiyo unasema! Hizo mbili futa, kila moja ni makumi ya GB, bando litakata kabla hujaliona jina lako. Old School RuneScape, lile toleo la kizamani la RuneScape, ipo kwenye simu tangu 2018, akaunti ileile ya kompyuta. Unakata miti kwa kidole kimoja, mkono mwingine una mtoto. Mtoto akilia unaweka simu chini, hakuna wa kukutukana. Kule Final Fantasy mkiingia pangoni kupigana, kikosi cha wanne, na wewe ukatoweka, umewaangusha watatu. Sehemu ya bure haina kila kitu, ila kwako ni miezi.

Mwana_Mvita
Mapango ya hadithi waweza kuingia na wahusika wa kompyuta, watu huwahitaji. Na kukata miti simuni ni mchezo huo? Si bora aende shamba.

Dada_Leveli
Mimi nimeganda kwenye "laptopu ya ofisini". Kaka, fundi wenu wa kompyuta anakujua?

BabaPacha
Fundi wa kompyuta ni mimi. Mmoja ameamka, narudi.

Fundi_Redio
Akirudi mwambieni asivae kila kitu.