Ulsa (vidonda vya tumbo) ya ndugu yangu: kuna mtu ametibiwa kwa simu akapona?

Mkaazi_Pipeline
Habarini wapendwa. Naishi na ndugu yangu mdogo hapa Pipeline, Nairobi, anafanya mjengo Syokimau, anatoka kwa nyumba saa kumi na moja alfajiri anarudi giza. Tangu mwaka jana tumbo linamchoma hapa chini ya kifua, hasa usiku akiwa na njaa, akila linatulia kidogo halafu linarudi. Anapitia duka la dawa ananunua vidonge viwili vitatu vya kutuliza, na mgongo ukimuuma anaongeza dawa ya maumivu, ndio maisha yake. Kliniki ni kupoteza kibarua cha siku nzima, ukikosa mara mbili mnyapara anaweka mtu mwingine. Sasa nasikia watu wanaongea na daktari kwa simu wanalipa na M-Pesa, je kwa ulsa hiyo inasaidia ama ni kula pesa ya maskini? Naombeni aliyepitia anijibu, kijana amekonda mpaka suruali anafunga na kamba.

Afisa_Kayole
Pole sana. Mimi ni afisa wa kliniki, jioni nyingi niko kwa simu na wagonjwa. Kwanza dawa za maumivu, diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, aache leo, hizo peke yake zinatoboa tumbo, akiumwa mgongo ameze paracetamol. Sababu ile nyingine kubwa ni bakteria, H. pylori, si pilipili wala mawazo. Marshall na Warren wa Australia walipoonyesha hivyo miaka ya themanini madaktari walikataa, Marshall akainywa mwenyewe 1984 tumbo likawaka, Nobel wakaipata 2005. Na bakteria inatibika ikaisha kabisa, ndio maana naumia nikiona mtu anatulizwa mwaka mzima.

Kipimo kizuri ni cha choo, na hapo simu inakuokolea siku ya kazi: wewe unapeleka kikopo maabara asubuhi, matokeo yanakuja WhatsApp, daktari anampigia saa ya lanchi. Akiwa anameza omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, aache wiki mbili kwanza, antibiotiki wiki nne, la sivyo kipimo kinadanganya. Kile cha damu usilipie, kinaweza kuonyesha bakteria hata mtu ameshapona.

Lakini umesema amekonda. Huyo singemwandikia dawa kwa simu, ningetaka nimwone, pengine atiwe kamera tumboni. Na muulize choo. Ikiwa nyeusi kama lami, ama anatapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, hapo usitafute ushauri wa simu, ni hospitali usiku huohuo.

Mama_Githurai
Mimi nimepona, na simu ilinisaidia sana. Dawa ni za siku 14, aina tatu, asubuhi na jioni. Mara ya kwanza niliacha siku ya sita, uchungu ulikuwa umeisha na mdomo una ladha ya chuma chuma, basi ikarudi na nguvu. Mara ya pili daktari akaniambia weka alamu mbili, ya kwanza omeprazoli tumbo likiwa tupu, nusu saa baadaye zile zingine na chakula. Mimi nauza mboga natoka mapema, kwa hivyo karatasi ya vidonge nilikuwa naikata naiweka ndani ya kava ya simu, alamu ikilia dawa iko mkononi tayari. Na msichana wangu alikuwa anapiga kila jioni, mama leo ni siku ya ngapi, nikidanganya anajua. Pesa nilikuwa naweka mia kila siku kwa M-Shwari, ile akiba ya kwa simu, kabla sijaanza, maana kununua dawa za siku tatu tatu ndio kunafanya watu wakatize katikati.

Fundi_Umoja
Chunga tu unalipa nani. Mimi nilitumia mtu elfu moja mia tano kwa namba yake binafsi, alijiita daktari wa ulsa, nikaletewa unga wa miti na tumbo likabaki vile vile. Duka la dawa lililosajiliwa linabandika namba ya usalama ya Bodi ya Famasia na Sumu, unaituma kwa 21031 unajibiwa kama ni halali. Inachukua dakika moja, fanyeni.

Mkaazi_Pipeline
Nimewasoma wote, asanteni. Nimemuuliza kuhusu choo akanyamaza, nikarudia, akasema imekuwa nyeusi tangu Jumanne na alidhani ni sukuma wiki. Tuko kwa matatu saa hii tunaelekea hospitali, amelala kwa bega langu.

Afisa_Kayole
Mmefanya vyema. Ukifika tu sema "choo nyeusi tangu Jumanne" kabla hata ya jina lake, na utaje zile dawa za mgongo, kama uko na karatasi zake uwaonyeshe. Asile chochote mpaka aonwe. Niandikie, niko macho.

Mkaazi_Pipeline
Wamemchukua ndani. Wanatafuta damu, mimi na yeye ni grupu moja.