Mrejesho: mpira uliotoka kama yai

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini kamera ya megapikseli 61 inanipa mpira wenye umbo la yai na milingoti ya goli iliyoinama kila nikimfuata winga kwa lenzi, ilhali nimeweka spidi ya shata (muda wa kunasa mwanga) ya 1/2000 ya sekunde.

Mliosema ni shata ya kielektroniki, ile isiyotumia pazia la mitambo, mlipatia. Sensa hii, yaani kile kipande kinachonasa mwanga ndani ya kamera, husomwa mstari kwa mstari, na kuimaliza yote huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde. Kila mstari unapata 1/2000 yake bila shida, ila mistari ya mwisho inasomwa mpira ukiwa umeshasogea. Nimezima hali ya kimya, inayotumia shata hiyo, nikarudi kwenye shata ya kawaida ya mitambo, ile inayolia: mpira duara, milingoti wima.

Kilichobaki ni uzito wa mafaili. RAW (faili ghafi la picha) isiyobanwa inafika takribani megabaiti 120, kwa hiyo nikishikilia kitufe bafa (kumbukumbu ya muda ya kamera) inajaa, kamera inasuasua, na taa ya kadi inawaka tu wakati goli linafungwa. Nimehamia RAW iliyobanwa na ninapiga kwa mafungu mafupi. Nafuu ipo, tiba bado.

Aliyenishauri kamera ya Nikon Z9: najua, ina megapikseli 45 na haina kabisa shata ya mitambo, maana sensa yake inasomwa haraka mno. Bei yake sasa, mkuu! Kwa mechi nitaazima kamera ya megapikseli 24, mafaili yawe mepesi. Hii ibaki ya majengo na harusi, huko hakuna anayekimbia, labda bwana harusi.