Ploti za kudumu Kondoa: tupime nini ili namba zifae miaka 30 ijayo?

Chipukizi_Kondoa:
Wakuu, kijiji kimetenga ekari 30 za kisiki hai, yaani visiki vinaachwa vichipue tena kuwa miti. Kamati inataka kufuatilia miti na mvua kwa miaka mingi, tuone tabianchi inavyobadilika na tupande nini. Tuna futi kamba, dira na simu yenye GPS. Ploti, yaani vipande vya kupimia, ziwe na ukubwa gani, na alama gani isiyoibiwa?

Mgunga_Mkavu:
Mkuu, mita 20 kwa 20 inatosha. Hakikisha ulalo, yaani kona hadi kona ya mkabala, ni mita 28.28, ukipishana zaidi ya sentimita 20, pembe hazijakaa. Penye mteremko shika futi mlalo, usifuate ardhi: kwenye nyuzi 10, mita 20 za mlalo ni 20.31 ukipima juu ya udongo, na miti ya ukingoni itaingia au kutoka kimakosa.

Nondo inayoonekana itaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kata vipande vya sentimita 60 vya milimita 12, gongelea hadi kichwa kizame sentimita 5 ndani ya udongo. Kisha andika umbali na nyuzi za dira kutoka vitu viwili visivyohama, mwamba au mbuyu. GPS ya simu hukosea mita kadhaa; inakufikisha jirani tu.

Kipenyo kipimwe mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu wa mteremko, na mstari wa rangi uchorwe hapo hapo. Migunga mingi hugawanyika chini ya kimo hicho, basi kila shina lipewe namba yake. Machipukizi membamba kuliko sentimita 5 yahesabuni kwenye kona moja ya mita 5 kwa 5 tu. Mkitaka kupima yote, mwaka wa pili watu watachoka na kazi itakufa.

Pimeni mwezi ule ule kila mwaka. Mei ni mzuri, nyasi bado zina masuke ya kuzitambua. Shina la mbuyu hujaa maji masika na kusinyaa kiangazi, hivyo kipimo cha Mei hakilinganishwi na cha Oktoba.

Milimita:
Kwenye mvua ndipo wengi huharibu. Kipimamvua chenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 12.7: kila mililita 12.7 za maji ni milimita 1 ya mvua. Chombo cha kupimia kikivunjika, bomba la sindano la duka la dawa linatosha. Kiwe mbali na mti au paa angalau mara mbili ya kimo cha mti au paa hilo, na kisomwe kila siku saa 3 asubuhi.

Siku kavu andika 0. Siku isiyosomwa andika "haikusomwa". Tafadhali sana, msiache nafasi tupu: siku ambazo msomaji alikwenda msibani zitageuka kuwa ukame kwenye hesabu.

Jumla ya msimu peke yake haitoshi kuchagua mbegu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Miaka miwili inaweza kulingana kwa jumla huku mmoja Februari ikikatika wiki tatu na mahindi yakaungua. Rekodini tarehe ya kuanza na kipindi kirefu zaidi bila mvua. Wastani wa hali ya hewa hupigwa kwa miaka 30, kwa hiyo ombeni TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) takwimu za zamani mlinganishe.

Korongo:
Haya yote sawa, lakini ploti zote zikiwa ndani ya eneo lililotengwa hamtatenganisha tabianchi na mifugo. Kondoa yenyewe inafundisha: mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, mifugo ikaondolewa kwenye ardhi iliyomomonyoka 1979, uoto ukarudi. Anayetazama uoto tu angedhani mvua imeongezeka. Wekeni ploti 3 ndani na 3 nje panapochungwa, udongo na mteremko ule ule.

Chipukizi_Kondoa:
Asante wakuu. Daftari liweje?

Korongo:
Mbali na vipimo, ukurasa wa matukio: moto, ng'ombe walioingia, mkaa, na tarehe zake. Tumieni penseli, wino huyeyuka ukilowa. Nakala moja ofisi ya kijiji, nyingine shuleni.