Eti Kigali ukisema "mimi Mswahili" wanajua wewe Mwislamu?

DerevaSemi: Wakuu salama? Napiga ruti ya Dar Kigali kupitia Rusumo, huu mwezi wa nne sasa. Juzi tunashusha mzigo jamaa kaniuliza "wewe Mswahili?" nikamjibu ndio, si naongea Kiswahili, basi akaanza kunielekeza msikiti ulipo 😂 Ni kweli mimi Mwislamu ila kajuaje? Na Ramadhani itanikuta hukohuko, futari napata wapi maana naona makanisa tu kila kona

MtotoWaBiryogo: Haha karibu kaka. Huku Mswahili ndo Mwislamu hata awe Mnyarwanda wa kijijini Kiswahili kinampiga chenga. Dini ililetwa na wafanyabiashara na askari waliotoka pwani enzi za Mjerumani, jina likaganda, msikiti wa Al-Fatah hapa Nyamirambo ni wa 1913. Mbelgiji na mapadri wake hawakuwataka wazee wetu, wakarundikwa Biryogo, mtaa ukaitwa kambi ya Waswahili, kutoka lazima uwe na kibali. Hadi leo kuna wanaosema "Mswahili" wakimaanisha mtu mjanjamjanja, muongo. Sensa ya 2022 tuko kama asilimia 2 tu

Mama_Nyamirambo: Mimi Mkatoliki nimekulia hapo. Dharau ilipungua sana baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, watu walichinjwa mpaka ndani ya makanisa walikokimbilia, wakati majirani Waislamu wengi waliwaficha watu majumbani na misikitini. Baadaye wengi walisilimu, kwetu mmoja, na Krismasi anakuja tunakula wote ila kuku anachinja yeye

MtotoWaBiryogo: Kweli mama, ila tusijisifu kupita kiasi, Hassan Ngeze wa Kangura, lile gazeti lililochochea chuki dhidi ya Watutsi, naye alikuwa Mwislamu mwenzetu

DerevaSemi: Duh. Na mbona sisikii adhana?

MtotoWaBiryogo: Spika zilizuiwa 2018 wilaya yetu ya Nyarugenge, sababu kelele, na usidhani ni sisi tu, mwaka huohuo makanisa mamia yalifungwa Kigali. Futari njoo Biryogo ile mitaa iliyopakwa rangi, chai, sambusa, mishikaki ya mbuzi. Semi iache mbali magari hayaingii

Mama_Nyamirambo: Na simu uiweke saa ya huku baba, sisi tuko nyuma saa nzima. Ukifuata ratiba ya Dar utafuturu jua bado linawaka

DerevaSemi: 😳 wiki iliyopita nilifunga sunna nikiwa hapo. Ngoja nimuulize shehe