Mtoto kauliza mkono ulijuaje kabla yake, nimjibu nini?

Bi Mahamri (Majengo)
Assalaam aleykum jamani. Jumamosi alfajiri nilikuwa nakaanga mahamri ya kuuza, karai liko juu ya jiko la makaa. Mwanangu wa miaka 7 akapita pembeni, kidole kikagusa mdomo wa karai. Akauvuta mkono, halafu ndipo akalia. Nilikuwa namtazama: mkono ulitoka kwanza, kilio kikafuata. Aliponyamaza akaniuliza, "Mama, mkono ulijuaje kuwa karai lina moto, na mimi uchungu nilikuwa sijausikia bado?"

Nikamwambia mishipa ilipeleka habari kwenye ubongo. Akageuza mkono, akanionyesha ule mshipa wa kijani wa kiganjani. "Huu? Si ulisema huu ni wa damu?" Hapo nikaishiwa. Kitabu chake kina picha ya mtu aliyejaa nyuzi za manjano na maneno ambayo hata mimi yananishinda. Nipeni maneno ya mtoto.

Kijana wa Kisauni
Pole dada. Kidole mpake dawa ya meno, moto unatoka.

Nesi Mstaafu
Dawa ya meno wacha, mwanangu. Kidole kikiungua ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Tumeosha sana hizo dawa za meno kwenye vidonda vya watu.

Bi Mahamri, kosa si lako, ni la neno lenyewe. Kwetu mshipa ni kila kitu: wa damu, wa fahamu, hata ngiri huitwa mshipa. Mwambie "neva". Ule wa kijani ni wa damu. Neva ziko ndani zaidi, nyeupe nyeupe kama uzi, hazionekani kwa nje.

Na alichokisema mtoto ni kweli tupu. Habari ya moto ilitoka kidoleni ikapanda mkono mpaka kwenye uti wa mgongo. Ndani ya ile mifupa mna kamba laini ya neva. Ya mtu mzima ni nene kama kidole cha mwisho, urefu wake sentimita 45 hivi. Kamba ile haikungoja ruhusa ya ubongo. Ilirudisha amri palepale kwa misuli ya mkono: vuta! Habari nayo ikaendelea kupanda, na ilipofika kichwani ndipo mwenyewe akajua ameungua. Ingengojwa kichwa kiamue, kidole kingebaki kwenye karai zaidi.

Fundi Stima
Mimi wangu niliwaambia ni waya tu. Ubongo ni boksi la mita, neva ni nyaya za nyumba nzima. Unabonyeza swichi, taa inawaka. Kwisha.

Nesi Mstaafu
Fundi, waya unafaa kumwonyesha njia, kwa mwendo haufai. Zamani wengi walidhani kama wewe, kwamba habari hufika papo hapo, mpaka Mjerumani Hermann von Helmholtz alipopima neva ya chura karibu mwaka 1850 akaona inachukua muda. Neva za mtu zilizo za mbio kabisa hufika mita 120 kwa sekunde. Zinazoleta ule uchungu wa kuwaka unaobaki baadaye huenda mita 1 hivi kwa sekunde, mwendo wa mtu anayerudi kutoka sokoni na kikapu.

Umewahi kuona siku ya kumwaga slabu? Vijana wamepanga mstari, karai la zege linapita mkono kwa mkono hadi juu. Hakuna anayetoka mahali pake, linalosafiri ni karai. Ndani ya neva umeme unapita hivyo, kipande kinaamsha kipande cha pili.

Mwalimu wa Likoni
Nami niongeze feri. Neva moja haigusani na ya pili, katikati kuna mwanya mdogo mno. Umeme ukifika ukingoni, mara nyingi hauwezi kuruka. Basi neva inamwaga chembe za kemikali, zinavuka ng'ambo, na huko safari inaanza upya. Darasani nasema: gari limekuja mbio mpaka Likoni, daraja hakuna, lazima lipande feri. Tofauti ni kwamba feri hii haina foleni, inavuka chini ya sehemu ya elfu ya sekunde, na haina safari ya kurudi.

Nyumbani mfanyie hivi. Shika rula ya sentimita 30 wima, sifuri iwe chini, katikati ya vidole vyake bila yeye kuigusa. Iachie ghafla, aidake. Akidaka kwenye sentimita 20, imemchukua sehemu 2 kati ya 10 za sekunde: jicho limeona, ubongo umeamua, mkono umebana. Hapo ubongo umehusishwa, ndiyo maana rula inamtoroka kidogo. Kwenye karai haukungojwa.

Fundi Stima
Zege nimelikubali. Boksi la mita silitoi.

Bi Mahamri (Majengo)
Ahsanteni nyote. Rula tumeidondosha mpaka imevunjika ncha. Yeye anadaka kwenye 24, babake 19, mimi mikono ina mafuta, imenipita mara tatu. Kisha akamsimulia nyanyake habari ya feri, bibi akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama na huko waendao kwa miguu huvuka bure.