Trebo ya kitambaa cha Bibi

Rehema: Shikamooni wote. Shangazi, nisaidie. Kitambaa cha kochi la Bibi kimenishinda. Karatasi ya maelekezo inasema nifume trebo, ule mshono wa kroshia, mzunguko mzima. Nimefuata, kimekuwa kama shuka!

Shangazi: Marahaba mwanangu. Karatasi ni ya wapi, na trebo umejifunzia wapi?

Rehema: Karatasi imetoka Uingereza. Mshono nimeuona kwenye video ya Mmarekani.

Shangazi: Basi ndipo hapo. Trebo ya Mwingereza unazungusha uzi kwenye sindano mara moja, unachoma, unavuta, unahesabu vitanzi: vitatu. Mmarekani mshono huohuo anauita dabo. Trebo yake yeye ina vitanzi vinne, ndiyo maana inarefuka.

Shangazi: Siku nyingine ukikuta karatasi imeandika singo, hiyo ya Marekani. Waingereza wanaanzia dabo.

Kelvin: Mimi trebo niijuayo ni ya Man United 1999! Vikombe vitatu msimu mmoja: Ligi, Kombe la FA, halafu fainali ya Ligi ya Mabingwa Camp Nou tarehe 26 Mei. Bayern anaongoza mpaka dakika 90 zinaisha, Sheringham huyo, Solskjær huyo. 2–1. Kila nikiirudia mwili unasisimka.

Mjomba: Na Man City 2023, Istanbul, bao la Rodri dhidi ya Inter.

Kelvin: Hiyo inaniuma mpaka leo, Mjomba.

Rehema: Vikombe vitatu sawa, vitanzi vitatu sawa. Ila Baba, kwaya ikipiga kelele kwenye spika unasema "punguza trebo". Pale kuna tatu gani?

Baba: Umeuliza vizuri sana. Neno asili yake ni Kilatini, triplus, yaani mara tatu, likapitia Kifaransa cha zamani. Karne ya 13 kule Ufaransa waimbaji wa kanisa walikuwa wanapandanisha sauti. Chini kabisa ilikuwa sauti ya teno, na jina lake linatokana na kushika, kwa sababu ndiye aliyeshikilia wimbo wenyewe. Juu yake ikawekwa sauti ya pili, na juu ya hiyo ya tatu, wakaiita triplum.

Baba: Sasa ya tatu ndiyo ilikuwa ya juu kuliko zote. Taratibu jina la hesabu likawa jina la sauti nyembamba. Wavulana wa kwaya za Uingereza ambao sauti hazijavunjika wanaitwa trebo hadi leo. Redio ilikuja kurithi tu.

Rehema: Kumbe wembamba wenyewe ni wa tatu kutoka chini! Asante Baba.

Mjomba: Hata ndoana ya meno matatu Waingereza wanaiita hivyohivyo.

Rehema: Shangazi, nifumue basi?

Shangazi: Fumua mpaka kwenye mnyororo wa kuanzia. Uzi haupotei. Jumamosi nakuja tuanze pamoja.

Bibi: Msikifumue. Hicho nakiweka meza ya chakula. Cha kochi utanifumia kingine.

Rehema: Shikamoo Bibi. Haya, nimesikia.