Tupeane uzoefu: Mlioiona Twister ya 1996 na hii Twisters ya 2024, mpya imeifikia ya zamani?

Mzee_wa_Deki (mleta mada):

Wakuu, salaam.

Jana nimeirudia Twisters, hii muvi mpya ya wafukuza vimbunga. Mara ya kwanza niliiona ukumbini ilipotoka, Julai 2024, nikarudi nyumbani nimenuna. Nikajiambia labda ni hasira tu, niiangalie tena nimetulia, bila watu kutafuna bisi sikioni. Nimetulia, nimeangalia, bado nina neno.

Lakini kwanza niwaambie nilikotoka. Ile ya zamani niliiona Morogoro mwanzoni mwa 1998, zile mvua za El Niño. Kibanda cha mabati pale Msamvu, kiingilio shilingi 50, mabenchi ya mbao, mkanda umechoka mpaka picha inapanda na kushuka yenyewe. Tulifika pale ambapo kimbunga kinawakuta usiku kwenye ile sinema ya uwanjani, watu wamekaa kwenye magari yao, kitambaa kinachanika vipandevipande. Na nje mvua ikashuka juu ya bati. Wallahi hatukujua tena ipi ya kwenye TV na ipi ya Mungu. Mara giza! Umeme umekatika. Tulikuwa kama watu arobaini mle ndani na hakuna aliyeinuka. Mwenye kibanda akapita na tochi: "Hakuna kurudishiwa hela, ni TANESCO hao." Baa ya jirani muziki unaendelea, nikajua wenzetu wana jenereta.

Mwisho wa ile muvi niliuona miaka minne baadaye. Yaani kwa miaka minne, kichwani mwangu, Bill na Jo, wale wahusika wakuu, walikuwa bado wanakimbia.

Sasa hii mpya. Picha kali, sauti kali, Glen Powell anajua kutabasamu. Ila lile genge liko wapi? Kwenye ya zamani, wale jamaa wakienda kwa shangazi Meg pale Wakita kula nyama na mayai, unawajua mmoja mmoja: nani mropokaji, nani mwoga, nani anapenda ramani kuliko mke. Philip Seymour Hoffman alikuwa hajawa mtu mkubwa, lakini dakika zake chache nazikumbuka mpaka leo. Genge la Tyler Owens (ndiye huyo Powell) hili la juzi lina fulana, lina chaneli ya YouTube, lina fataki, lakini waulize majina yao kesho yake.

Karibuni. Mliiona wapi, na nani, na hii mpya imewakaaje? Naomba uzoefu, si mtu anaandika "ya kale dhahabu" halafu anasepa.

Kopo_la_Blueband:

Ya kale dhahabu.

Fundi Redio:

Nimesubiri ng'ombe apite hewani kama kwenye ya zamani, mpaka taa za ukumbi zikawashwa. Hakupita. Mke wangu ananiuliza unatafuta nini, namwambia ng'ombe. Nimekata maksi kumi.

binti_Manyoni:

Mimi nitakuwa tofauti na ninyi, kaka zangu.

Nimekulia Manyoni. Kiangazi kule visulisuli ni vya kila siku, saa nane mchana unaona vumbi jekundu linasimama kama nguzo na kutembea shambani. Bibi alikuwa anatukataza kusimama njiani mwake, anasema ni wenyewe wanapita. Sisi tulikuwa tunakikimbilia katikati, tunatoka macho mekundu, tunachapwa. Kwa hiyo nilipoiona Twister kwa shemeji yangu Dodoma, mwaka 2003, sikuona maajabu ya Wamarekani. Niliona mtu kama mimi ambaye hakuchapwa vya kutosha.

Kilichonikera ni mapenzi yake. Bill anakuja na mchumba wake mpya, Melissa, kuchukua saini ya talaka kwa Jo. Halafu yule dada wa watu anaburuzwa kwenye vimbunga siku nzima na viatu vyake vizuri, na muvi inataka tumcheke! Mtu pekee mwenye akili timamu mle ndani ni Melissa. Aliaga kwa heshima akaondoka. Mimi ningeondoka mapema, kwenye kimbunga cha kwanza.

Hii mpya, Kate, yule binti mhusika mkuu, hana mtu wa kumsubiri. Amepoteza mchumba na rafiki zake kwenye kimbunga mwanzoni tu mwa muvi, na mpaka mwisho pale uwanja wa ndege hakuna busu. Watu wamelalamika sana kuhusu busu. Niliposoma kwamba Spielberg mwenyewe ndiye aliyeshauri libaki nje, nikampigia makofi. Binti ana kazi yake.

Mzee_wa_Deki:

Dada yangu, hilo la Melissa umenishika. Sijawahi kulifikiria. Ila Jo naye alimpoteza baba, mlango wa handaki uling'oka na mzee akaondoka nao. Hilo halikuwa na busu.

Mnyamwezi_wa_Norman:

Habari za huko wakuu. Mimi naishi Norman, Oklahoma, tangu 2011. Nilikuja kusoma, nikabaki. Niruhusuni niandike kwa kirefu, maana hii mada imenikuta nyumbani.

Jumamosi yangu ya kwanza hapa, saa sita kamili mchana, ving'ora vikalia mji mzima. Nikaingia kwenye sinki la kuogea na godoro juu ya kichwa, nikisoma kila dua ninayoijua na nyingine za jirani. Dakika kadhaa baadaye mwenzangu wa chumba akanikuta humo. Ilikuwa majaribio tu. Wanayafanya Jumamosi saa sita, kama hali ya hewa ni nzuri. Nilitaniwa mwaka mzima.

Mei 20, 2013, kimbunga cha EF5, daraja la juu kabisa la ukali, kilipita Moore, mji unaofuata tu ukitoka kwetu. Watu 24 walikufa, saba wakiwa watoto katika shule moja ya msingi. Sitaeleza nilichokiona wiki ile. Nitasema kitu kimoja tu: nyumba nyingi hapa hazina chumba cha chini kama mnavyoona kwenye muvi. Mwenye uwezo anachimbiwa kisanduku cha chuma kwenye sakafu ya gereji. Asiye nacho anaingia bafuni, kama mimi.

Siku 11 baadaye kikaja cha El Reno. Upana wake ulifika kilomita 4.2. Kilimuua Tim Samaras, mwanawe, na mwenzao. Sikilizeni, huyu Samaras ndiye alikuwa akifanya kazi ile ile ya Dorothy, lile pipa la vipimo la kina Jo, yaani kuweka vifaa njiani mwa kimbunga na kukimbia. Na watu wa hapa wanamsifu kuwa alikuwa mwangalifu kuliko wote. Kwenye Twister anayekufa ni Jonas, yule mwenye magari meusi na wafadhili, anakufa kwa kiburi chake. Tangu 2013 sehemu ile siwezi kuiangalia kama zamani. Kimbunga hakichagui wenye kiburi.

Na lile pipa la Dorothy si la kubuni moja kwa moja. Wanasayansi wa hapa Norman walikuwa na lao miaka ya 1980, wakaliita TOTO. Lilikuwa zito, kuliwahisha njiani kazi, mwisho wakaliacha.

Sasa swali la mleta mada. Kuna jambo mpya imelipatia, na ni kubwa. Kwenye ya zamani Bill na Jo wanajificha chini ya kidaraja, wanapona. Mei 3, 1999, watu wa hapa walikimbilia chini ya madaraja ya barabara kuu na wengine wakafa humo, kwa sababu upepo ukipita pale kwenye uwazi unakuvuta tu. Mpya inaanza na watu wanakimbilia chini ya daraja, na hapo ndipo Kate anampoteza mchumba wake. Nilipoona vile nikasema hawa wametusikiliza.

Walichokosea ni ule unga. Kate anataka kukinyonya kimbunga maji kwa ule unga ule ule wa kwenye pampasi za watoto. Hapa watu ukumbini walicheka, si kwa dharau, walicheka kama unavyomcheka mtoto anayetaka kuizima jua. Jo alikuwa anataka nini? Anataka vipimo, ili ving'ora vilie mapema. Dakika chache zaidi za kumkimbiza mtoto bafuni. Hicho ndicho kinachotuokoa hapa kila Mei, na ndicho muvi ya 1996 ilikuwa inakifukuzia.

Kopo_la_Blueband:

Mkuu pole sana. Nafuta utani wangu wa juu.

Mzee_wa_Deki:

Mnyamwezi, umenipa neno nililokuwa nalitafuta tangu jana. Jo anataka kukijua, Kate anataka kukiua. Ndiyo maana nilinuna bila kujua sababu.

nahodha_mstaafu:

Assalaam alaykum vijana. Mimi niko Mafia. Nisiseme mengi kuhusu ya zamani, nimeionea kwenye simu ya mjukuu.

Kimbunga Hidaya kilipotujia, tarehe 4 Mei 2024, redio ilikuwa imeshatangaza siku kadhaa. Boti za Zanzibar zilisimamishwa. Tukavuta ngalawa juu, tukafunga mabati kwa kamba na mawe. Ndugu yangu mmoja mkaidi aliacha mashua yake majini, anasema kaswida zimeshasomwa. Hana mashua leo. Kwa hiyo hilo la kutangaziwa mapema naliunga mkono mikono miwili.

Ila mwanangu Mzee wa Deki, usiikandamize hii mpya. Ile ya zamani kimbunga kinapita, watu wanaruka, wanashangilia, wanawasha gari wanakifuata kingine. Hakuna anayerudi nyuma kutazama nyumba za wenyewe, ukimtoa yule shangazi. Hii mpya wanarudi. Wanagawa chakula, watu wanachokonoa mabati wakitafuta picha za marehemu wao. Na yupo tajiri anayefika kabla matope hayajakauka, ananunua viwanja vya waliopigwa kwa bei ya kutupa. Nilipomwona yule bwana nikamwambia mjukuu, simamisha hapo. Huyo namjua. Si yeye, lakini namjua. Aliyeandika sehemu ile amewahi kukaa na watu waliopatwa na maafa.

binti_Manyoni:

Shikamoo babu. Umemaliza.

Jamaa_wa_Eastlands:

Hapa Nairobi mimi niliiona ya kwanza kwa video show ya mtaa, tena yenye jamaa wa kutafsiri na maikrofoni. Alikipa kile kimbunga jina Mama Mkwe. "Mama Mkwe amekasirika, wazito! Anataka mahari yake!" Dorothy alikuwa sufuria ya Mama Mkwe. Hadi leo sijui wale waigizaji walisema nini haswa kwa Kizungu.

Hii mpya nimeona kwa ukumbi mzuri, viti laini, kimya kabisa. Mtu akikohoa anaangaliwa. Ni muvi poa lakini kulikosa Mama Mkwe, sitadanganya.

Hesabu_Kali:

Ya 1996 iliingiza karibu dola milioni 495 dunia nzima. Mpya takribani 370. Mjadala umefungwa.

Mnyamwezi_wa_Norman:

Haujafungwa. Ukichukua Marekani peke yake, mpya imeingiza zaidi, kama 267 kwa 242, ingawa dola ya 1996 ilikuwa nzito kuliko ya leo. Ninyi wa nje ndio hamkwenda. Sisi tulijaza. Mtu anapenda kuona mtaa wake.

sauti_ya_Garissa:

Kuna aliyewahi kugundua kwa nini kile kimbunga cha 1996 kinatisha hata ukifumba macho? Ndani ya ule mngurumo waliweka sauti ya ngamia akilalama, ikapunguzwa mwendo. Mimi nimelelewa na ngamia. Nilipoiona nikiwa mdogo nilimwambia mama, huyo ni ngamia mgonjwa. Akanifokea nikae kimya. Nilikuja kusoma ukubwani kwamba ni kweli, nikampigia simu saa hiyo hiyo. Alijibu, "Sawa. Na shuleni ulifaulu?"

Kwenye ya 2024 nimesikiliza kwa makini. Ngamia sikumsikia.

Fundi Redio:

Hakuna ng'ombe, hakuna ngamia. Nimekata maksi nyingine kumi.

Mtoto_wa_Msamvu:

Mzee wa Deki, nimesoma mada yako mara tatu kabla sijaandika. Kibanda cha mabati, karibu na baa iliyokuwa na kuta za kijani, mabenchi yamechongwa majina?

Mzee_wa_Deki:

Ndicho hicho! Jina langu lilikuwa benchi la pili. Ulikuwepo?

Mtoto_wa_Msamvu:

Kilikuwa cha baba mdogo. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni kupokea hela. Mkuu, sijui nikwambieje. Umeme siku ile haukukatika. Deki ilikula mkanda pale kwenye sinema ya uwanjani, na mkanda wenyewe alikuwa ameuazima. Akazima swichi kubwa, akachukua tochi. Baa haikuwa na jenereta.

Mzee_wa_Deki:

Miaka minne.

Mzee_wa_Deki:

Mwambie baba mdogo nataka shilingi 50 yangu.